Toleo la Majaribio Likae Wapi? Mbinu kwa Wenye Tovuti za Programu Huria

Kila tovuti ya programu huria ina wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni mhasibu wa SACCOS, mwalimu au karani wa zahanati. Ametajiwa jina la programu na mwenzake, ameliandika kwenye Google, na anachotaka ni kitu kitakachomfanyia kazi leo na kesho. Wa pili ni mpenzi wa programu yenyewe. Anataka kuona kinachokuja, akijaribu, na aripoti kasoro kabla hazijamfikia yule wa kwanza. Mradi unawahitaji wote wawili. Matatizo huanza pale karani anapopakua kitu cha mjaribu bila kujua, kumbukumbu za miezi zikaharibika. Huanza pia pale mjaribu anapozunguka tovuti nzima asilione toleo la majaribio, akaondoka zake, na kasoro ambayo angeibaini siku ile ikaja kuwaumbua watengenezaji baada ya toleo kamili kutoka.

Kwa hiyo kanuni ni moja: anayelitafuta toleo la majaribio alipate bila taabu, na asiyelitafuta asilikute kwa bahati mbaya. Hatua zifuatazo zitakusaidia kuitimiza, hata kama mradi wako una watu watatu tu na tovuti mnaihudumia usiku baada ya kazi.

1. Kubalianeni kila hatua inaahidi nini

Hatua za majaribio, yaani alfa, beta na rc (release candidate), hazina maana moja kila mahali. Maana yake ni ile ambayo mradi umezipa. Chukua Django na Python, miradi miwili iliyo jirani kabisa. Kwa Django, alfa ikitoka ndiyo mwisho wa kuingiza vipengele vipya katika toleo hilo. Kwa Python, vipengele vipya huendelea kuingia muda wote wa alfa, na mlango hufungwa beta ya kwanza inapotoka. Mtu aliyezoea mradi mmoja akihamia mwingine na matarajio yaleyale atakosea, na kosa hilo halitakuwa lake.

Basi, kabla ya kugusa ukurasa wowote, kaeni mkubaliane kila hatua inafunga nini. Alfa: je, vipengele bado vinaongezwa? Beta: je, muundo wa hifadhidata unaweza kubadilika tena? Rc: je, ni toleo kamili lisilobakiza kitu isipokuwa kasoro kubwa ikigundulika? Mkishakubaliana, andikeni sentensi moja kwa kila hatua na muiweke kwenye ukurasa wa matoleo, mahali pa kudumu.

Msiwasahau wafasiri. Django, ikifikia rc, husimamisha mabadiliko ya maneno yanayoonekana na mtumiaji, na hatua hiyo huanza angalau wiki mbili kabla ya toleo kamili. Kwa anayefasiri kwenda Kiswahili, wiki hizo mbili ndizo zinazoamua kama toleo litatoka na tafsiri iliyokamilika au litatoka nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Tovuti ikitangaza rc bila kusema kwamba maneno yamefungwa, mfasiri hana namna ya kujua kwamba zamu yake imefika.

2. Toa namba inayopangika

Mtu husoma namba ya toleo kwa macho, lakini kompyuta huipanga, na kompyuta hazipangi kwa namna moja. Mfumo wa SemVer, unaotumiwa na miradi mingi, huweka kistari kabla ya jina la hatua: 4.0.0-alpha.1, kisha 4.0.0-beta.1, kisha 4.0.0-rc.1, kisha 4.0.0. Angalia ile nukta kabla ya tarakimu ya mwisho. Ukiandika beta.2 na beta.11, kompyuta inasoma 2 na 11 kama namba, na ya kumi na moja inakuja baadaye kama inavyostahili. Ukiandika beta2 na beta11 bila nukta, inazisoma kama maneno, herufi kwa herufi. Hapo beta11 inatangulia beta2, na mjaribu anabaki na toleo la zamani akidhani analo jipya.

Debian ina mtego wake. Ukikiita kifurushi 4.0rc1, Debian inakihesabu kuwa kipya kuliko 4.0, kwa sababu herufi zilizoongezwa mwishoni huipandisha namba juu. Aliyeweka rc1 hatapewa toleo kamili litakapotoka, maana mashine yake inaamini tayari iko mbele. Dawa ni alama ya wimbi: 4.0~rc1. Alama hiyo hushuka chini ya kila kitu, hata chini ya mwisho wa namba, na hivyo 4.0 huja juu yake. Python nayo ina mtindo wake, 3.13.0b1 au 3.13.0rc1, bila kistari. Chagua mtindo wa mahali programu yako inakosambaziwa, uandike, na usiuache katikati ya safari.

Namba iingie pia kwenye jina la faili. Huku kwetu programu husafiri kwa flashi na kwa makundi ya WhatsApp, na ukurasa wako wenye maonyo hausafiri nayo. Faili linaloitwa setup.exe halimwambii mpokeaji chochote. Faili linaloitwa mradi-4.0.0-beta.2-setup.exe linajieleza hata likipita mikono kumi.

3. Ukurasa wa mwanzo uwe na kitufe kimoja

Kitufe kikubwa cha kupakua kiwe kimoja, na kielekee kwenye toleo thabiti. Usiweke viwili vya ukubwa mmoja, kimoja thabiti na kingine beta, ukitegemea rangi itamwelekeza mgeni. Mtu akiona 3.6 na 4.0 sambamba, atabonyeza 4.0. Ndivyo tulivyo: namba kubwa tunaiona bora.

Ukurasa wa kupakua wa Django umelipanga jambo hili vizuri. Toleo rasmi liko juu kabisa pamoja na amri ya kuliweka. Toleo la majaribio, likiwepo, liko chini yake, likielezwa kuwa ni la wanaotaka kulijaribu. Msimbo unaoendelea kuandikwa uko chini zaidi. Anayeteremka anajua anateremka kuelekea wapi, na hakuna kilichofichwa.

Lipe toleo la majaribio ukurasa wake wenye anwani isiyobadilika. PostgreSQL ina ukurasa wa kudumu wa beta, na mtu anaweza kuuhifadhi na kuurudia mwaka hadi mwaka. Kipindi ambacho hakuna beta, ukurasa huo useme wazi kwamba kwa sasa hakuna, na linalofuata linatarajiwa lini. Andika pia ukubwa wa faili kando ya kila kiungo. Anayejaribu kwa bando lake mwenyewe anastahili kujua kama ni megabaiti 40 au 400 kabla hajabonyeza.

Kama uwezo upo, mpe mtu nafasi ya kujaribu bila kuweka chochote kwenye mashine yake. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, una tovuti ya maonyesho ambako mtu huingia kwenye toleo thabiti au lile linaloendelea kutengenezwa, akacheza na data za mfano. Kenya imeutumia mfumo huo nchi nzima tangu 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinautumia. Ofisa wa takwimu wa wilaya anaweza kuona kinachokuja bila kuigusa seva yenye takwimu halisi za wagonjwa. Hakuna onyo linaloweza kumlinda zaidi ya hilo.

4. Kagua milango ya nyuma

Watu wengi hawatapita kwenye ukurasa wako. Watapata programu kwa amri, na hapo ndipo matoleo ya majaribio hupenya. Pitia kila mlango.

*pip.* Kwa kawaida pip huruka matoleo ya majaribio hadi mtu aandike --pre. Lakini mradi mpya ambao haujawahi kutoa toleo kamili hauna kinga hiyo: pip ikikosa kingine, huchukua beta bila kuuliza. Kama ndiyo hali yenu, semeni hivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

*npm.* Hapa neno la hatari ni lebo ya latest. Kwa miaka mingi npm iliibandika kwenye chochote kilichochapishwa bila kutajiwa lebo nyingine, hata kikiwa beta, na kila aliyeandika npm install akaipata. Npm 11 ndiyo iliyoanza kukataa kuchapisha toleo la majaribio bila lebo. Usitegemee mashine ya kila mwenzako iwe na npm mpya. Weka npm publish --tag next ndani ya skripti ya kutolea matoleo, isibaki kichwani mwa mtu.

*GitHub.* Unapotoa toleo, kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba ni la majaribio. Ukikitia alama, kiungo kinachoishia na releases/latest hulipita toleo hilo na kuelekeza kwenye lile thabiti. Ukikisahau, tovuti yako inayotumia kiungo hicho itaanza kugawa beta dakika hiyohiyo.

*Docker.* Lebo ya latest haina akili yoyote. Ni jina linalotumika mtu asipotaja jingine. Aliyejenga picha ya beta akaipa jina hilo amewapa wote beta.

*Programu yenyewe.* Kama programu yenu huuliza tovuti kama kuna toleo jipya, tengeni njia mbili. Aliye kwenye toleo thabiti asihamishwe kwenda kwenye beta bila kuomba. Aliye kwenye beta apelekwe kwenye toleo kamili likitoka, asisahaulike huko.

5. Onyo liseme kitu

Maneno kama "tumia kwa hatari yako mwenyewe" hayamsaidii mtu. Hayasemi hatari ni ipi, na kwa kuwa yako kila mahali, hakuna anayeyasoma tena. Onyo zuri hujibu maswali manne. Data yangu itapatwa na nini? Naweza kurudi toleo la nyuma? Nikikuta tundu la usalama, nani ataliziba? Nikiona kasoro, niseme wapi? Hili hapa onyo la mfano, ulichukue na kulirekebisha:

> Hili ni toleo la majaribio: beta ya pili ya 4.0. Usiliweke kwenye mashine yenye data za kazi. Likifunguliwa mara moja, hifadhidata hubadilishwa na haitasomeka tena na 3.6, kwa hiyo weka nakala rudufu kwanza. Beta hii haitatolewa marekebisho ya usalama. Tatizo likigundulika litarekebishwa katika beta inayofuata. Anayehitaji toleo thabiti apakue 3.6.2 hapa. Ukiona kasoro, iripoti hapa.

Onyo hili halizidi mistari michache, na kila sentensi ina kazi. Swali la kurudi nyuma ndilo linalosahauliwa zaidi na ndilo linaloumiza zaidi. Hata PostgreSQL, wenye uangalifu mkubwa, huweza kubadilisha muundo wa ndani kati ya beta moja na nyingine, ikabidi mjaribu ahamishe data upya. Mambo ya usalama nayo yasemwe waziwazi. Timu ya usalama ya Drupal, kwa mfano, haitoi matangazo ya usalama kwa moduli zilizo katika alfa au beta, na anayesimamia tovuti ya shirika anapaswa kulijua hilo kabla ya kuamua.

Programu ikiweza kujilinda yenyewe, onyo hupata nguvu. Firefox, kuanzia toleo la 67 la mwaka 2019, huipa kila nakala iliyowekwa kwenye kompyuta wasifu wake, kwa hiyo Nightly, toleo lake la majaribio, haichezei alamisho na nywila za Firefox ya kawaida. Matoleo ya alfa na beta ya LibreOffice nayo huitwa LibreOfficeDev na hukaa kando ya toleo thabiti bila kulifuta. Mkiweza kufanya hivyo, fanyeni: jina tofauti, ikoni tofauti, folda tofauti ya data. Mtu akiwa na haraka hasomi onyo, lakini ikoni ataiona.

6. Nyaraka zisichanganywe

Mtumiaji hutafuta "namna ya kuweka ripoti ya mwezi", Google inampeleka kwenye mwongozo wa 4.0 ambayo bado ni beta, naye ana 3.6. Anafuata maelekezo, kitufe hakioni, anahitimisha kwamba programu ni mbovu. Hapo programu haina kosa. Kosa ni la mpangilio wa nyaraka.

Kwanza, kila ukurasa wa mwongozo wa toleo la majaribio uwe na bango juu kabisa linalosema ni la toleo gani, lenye kiungo cha ukurasa uleule katika toleo thabiti. Uleule, si ukurasa wa mwanzo wa mwongozo, maana msomaji hataanza kutafuta upya. Nyaraka za PostgreSQL huorodhesha matoleo juu ya kila ukurasa, yale yanayohudumiwa na lile linalotengenezwa, na kubonyeza mara moja kunatosha.

Pili, ziambie injini za utafutaji ukweli. Kwenye kurasa za beta weka alama ya canonical inayoelekea ukurasa wa toleo thabiti, au noindex pale ambapo ukurasa thabiti haupo bado. Usizuie kwa robots.txt ukidhani umemaliza: ukurasa uliozuiwa hivyo bado unaweza kuonekana kwenye matokeo kama tovuti nyingine zimeuunganisha, na Google haitaisoma noindex yako kwa sababu umeikataza kuingia.

Tatu, angalia majina ya njia. Kwenye Read the Docs, latest ni hali ya sasa ya tawi kuu la msimbo, na stable ndiyo toleo la karibuni lililotolewa. Mgeni asiyejua hilo ataiona latest akadhani ndiyo ya kwake. Elekeza anwani kuu ya mwongozo kwenye stable.

7. Mpe mjaribu kazi ya kufanya

Tangazo linalosema tu "beta imetoka, ijaribuni" huzaa ukimya. Sema nini kimebadilika sana na wapi mnahofia. "Tumeandika upya sehemu ya kuchapisha risiti. Tunaomba wenye printa za zamani wajaribu na watuambie" litaleta majibu, kwa sababu mwenye printa ya zamani amejijua. Weka tarehe ya mwisho ya kupokea ripoti, na weka fomu inayouliza namba kamili ya toleo. Mtu akileta ripoti, ajibiwe, hata kwa mstari mmoja. Aliyejitolea muda na bando lake, asipojibiwa, beta ijayo hatakuwepo.

Faida ya wajaribu inaonekana katika Python 3.13. Toleo hilo lilipangwa kutoka tarehe 1 Oktoba 2024, na lilikuwa na mbinu mpya ya kukusanya kumbukumbu za kompyuta zisizotumika tena. Katika kipindi cha rc, ripoti zikaonyesha kwamba baadhi ya kazi zilikuwa zinakwenda polepole mno. Wasimamizi waliiondoa mbinu hiyo, wakatoa rc ya tatu ambayo haikuwa kwenye ratiba, na toleo kamili likatoka tarehe 7 Oktoba. Walichelewa chini ya wiki moja, na wakatangaza sababu. Bila waliojaribu rc, ugunduzi huo ungefanywa na watumiaji wa kawaida, kwenye seva zao, baada ya kuchelewa. Kwa hiyo msione haya kutoa rc ya tatu au ya nne. Tovuti iseme ratiba imebadilika na kwa nini.

8. Siku toleo kamili linapotoka

Siku hii watu hushangilia na kusahau usafi. Andika orodha mapema na umpe mtu mmoja, kwa jina, jukumu la kuipitia:

- Kitufe kikuu kinaelekea toleo jipya, na namba iliyoandikwa juu yake imebadilika.
- Ukurasa wa beta unasema majaribio yamekwisha na unawaelekeza wajaribu kwenye toleo kamili.
- Mabango ya onyo yameondolewa kwenye nyaraka zilizokuwa za majaribio, na stable inaelekea kwao.
- Lebo ya next haijabaki nyuma ya latest.
- Tangazo la kila beta na rc limeongezewa mstari juu: "Toleo hili limepitwa na wakati."
- Waliojaribu na waliofasiri wametajwa na kushukuriwa, kwa ridhaa yao.

Na kuna mwiko mmoja usiovunjwa hata kwa udharura: faili likishatolewa kwa namba fulani, usilibadilishe chini ya namba hiyohiyo. Ukigundua rc.1 ina kasoro dakika kumi baada ya kuitangaza, toa rc.2. Ukibadilisha faili kimyakimya, hesabu ya SHA-256 uliyoichapisha haitalingana tena, waliopakua mapema na waliopakua baadaye watakuwa na vitu viwili vyenye jina moja, na mwenye kuhakiki atadhani tovuti yenu imeingiliwa na wezi. Namba hazina bei. Imani ya watu ikipotea ndiyo ghali kuirudisha.

Kama huna muda wa kufanya yote haya wiki hii, anza na ukaguzi mmoja. Chukua simu isiyo yako, fungua kivinjari kisicho na akaunti yoyote, andika jina la programu yenu na neno "pakua", ubonyeze kiungo cha kwanza kama afanyavyo mgeni. Kisha kwenye kompyuta safi, andika amri ya kuiweka ambayo mwongozo wenu unaitaja. Ukipata toleo thabiti mara zote mbili, karani wa zahanati yuko salama kwenu. Baada ya hapo litafute toleo la majaribio kwa kubonyeza tu, bila kuandika anwani. Likikuchukua zaidi ya mibonyezo miwili kulifikia, umeshajua kazi ya kesho ni ipi.